Kilo Themanini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Hatimaye! Kapteni Eliakim, mwalimu wetu wa urubani, ametangaza. Jumamosi mtihani wa darasani, na atakayeongoza atapanda naye ndege Jumapili, wapite juu ya Iyula. Kiti kimoja tu. Wanafunzi tuko watatu: mimi, Osea anayesinzia, na Ikupa. Osea simhesabu. Tatizo ni Ikupa. Alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, basi anajiona namba zote zilizaliwa kwao.

Nimempigia mama simu kijijini Iyula. Kosa kubwa. Kabla ya jioni alishamwambia mchungaji, mchungaji akawaambia kwaya. Jumapili baada ya ibada ya kwanza kanisa zima litatoka nje kunipungia mikono. Miezi minne nasoma upepo na mawingu kwenye chumba juu ya duka la matairi hapa Chapwa, na majirani wananiita Rubani wa Ngazi, kwa kuwa sijapanda kingine. Sasa lazima nipae. Nisipopaa nahamia Zambia.

Jumanne, 4 Juni

Somo la leo: uzito wa ndege na jinsi ya kuusawazisha. Kapteni kauliza, mzigo ukizidi tufanye nini? Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Miaka kumi na miwili nimepanga mizigo kwenye malori ya mpakani, mtu atanifundisha nini kuhusu mizani? Nikaeleza: unasogeza mzigo kidogo, dereva anaingia taratibu, na unazungumza vizuri na mtu wa mizani. Wakacheka. Osea aliamka makusudi ili acheke!

Kapteni hakucheka. Alisema huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, ndege inapata shida kunyanyuka. Kila kilo lazima ijulikane. Na angani hakuna mtu wa kuzungumza naye vizuri. Kisha akagawa fomu, kila mmoja aandike uzito wake, ili akishapatikana mshindi yeye apige hesabu ya mafuta.

Ikupa kaandika 61 bila hata kufikiri. Mimi nina 94. Mtego nimeuona papo hapo: mzee anatafuta mwepesi. Nimeandika 82.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya pili sigusi ugali. Uji asubuhi, ndizi moja jioni. Kichwa kinagonga. Wakati huohuo kila mapumziko nampelekea Ikupa chapati na chipsi mayai, azidi. Anasema ahsante kaka Lusubilo, halafu anampa Osea. Osea ananenepa kwa njaa yangu! Nimemkemea. Kaniuliza kama kesho naweza kuongeza kachumbari.

Jumamosi, 8 Juni

NIMEONGOZA! Maksi 88. Ikupa 85. Naona nyota, nusu furaha nusu njaa. Mawingu nimepata yote. Upepo wote. Hata lile swali la rubani kukagua tangi kwa macho yake nimepata. Ikupa kanipa mkono, akasema nimestahili. Unafiki mtupu.

Mama kapiga simu. Atavaa kitenge kipya cha njano ili nimtambue toka juu. Nikamwambia mama, nitakuona. Nimekula ugali sahani mbili. Nimestahili.

Jumapili, 9 Juni

Nataka kufa.

Saa mbili asubuhi, kiwanjani. Ndege ndogo nyeupe, viti viwili, mafuta yameshatiwa, inanisubiri mimi. Ndipo Kapteni akasema hapandi mtu kabla ya kupimwa. Kwa mizani gani? Ile ya kahawa! Ikupa kaiazima chama cha ushirika. Nikapanda, nikafanya tunavyofanya mpakani: kisigino nje ya bamba, kiwiko begani kwa Osea kama namnong'oneza jambo. Themanini na tatu. Nikashusha pumzi.

Ikupa akamwomba Osea asogee. Akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba miaka sita wakulima wamemfichia mawe kwenye magunia ili yazidi, ila mimi ndiye gunia la kwanza kutaka kupungua. Tisini na tano. Ile moja ni ugali wa jana.

Kapteni alitoa karatasi yake ya hesabu. Akanionyesha. Nilikuwa nafaa! Hata kwa 95 nilikuwa nafaa! Angetia mafuta kidogo tu, Iyula si mbali. Ila fomu yangu ilisema 82, akaongeza mafuta, na sasa tumezidi. Nikasema basi tuyatoe. Akajibu mafuta yanatoka, hiyo si kazi. Lakini siku nikimwambia nimekagua tangi, atanisadiki vipi?

Akapanda Ikupa.

Mchana mama akapiga simu, analia kwa furaha. Ndege ilitikisa mabawa mara mbili juu ya kichwa chake. Akauliza kama nilikiona kitenge. Nikasema nilikiona.

Jioni Ikupa akanieleza bila kuulizwa. Walimwona mama mmoja wa kitenge cha njano amewaacha wenzake, anakimbia katikati ya mibuni akiifuata ndege. Akakisia ni nani. Akamwomba Kapteni atikise mabawa kwa niaba yangu. Nilikwenda nyuma ya duka la matairi nikalia. Namchukia sana Ikupa.

Jumatatu, 10 Juni

Mama anataka Jumapili ijayo nikasimame kanisani niseme Iyula inaonekanaje toka juu. Nimekubali. Nimemuuliza Ikupa, kijanja, paa la kanisa lina rangi gani. Kaniangalia sana, kisha akaniambia.

Kapteni kanipa nafasi nyingine mwezi ujao. Fomu mpya. Kasema mtu hukosea mara moja, niende nikafikiri. Nimefikiri siku nzima, na kosa langu nimeliona waziwazi: niliandika uzito mdogo. Safari hii nimeandika 110. Atatia mafuta kidogo, na nafasi yangu itabaki tele.

Siku ya kupimwa hainipi wasiwasi. Ikupa mwenyewe kanieleza wakulima wanavyofanya. Mawe nimeshayaokota, manne, yanaingia vizuri kwenye mifuko ya koti.