Pazia la Mama na Beti Zangu Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi amenipa daftari hili kwa sharti moja: niandike yote, hata ya kuniaibisha, kisha nimtumie kwa dereva wa basi. Atasoma, atajibu pembeni kwa kalamu nyekundu, atanirudishia. Nimeapa. Nitaandika yote. Shangazi ni mwalimu, na sentensi iliyofichwa huinusa kutoka mbali.

Habari kubwa kwanza. Ukumbi wa mjini umekwisha kukarabatiwa! Miaka kumi na mitano ulikuwa ghala la saruji. Sasa una viti, una taa, una choo chenye mlango. Jumamosi saa kumi jioni unafunguliwa kwa tamasha la wenyeji. Mwenye kipaji apande jukwaani. Dakika nne kila mmoja.

Mimi nina kipaji. Nimetunga shairi, "Sifa za Ukumbi Wetu," beti ishirini na nne, vina vimekaa sawasawa kama vikombe kabatini.

Nimempelekea Mwenyekiti wa kamati ya tamasha, yule mwenye duka la dawa. Amelisoma akiwa amesimama, huku akimpimia mteja dawa ya kikohozi. Akasema ni zuri ila refu. Kweli, kwa saa ya jikoni ni dakika kumi na tisa. Akanishauri nichague beti mbili. Nikamwambia shairi si mkate. Halafu hakuupenda ubeti wa tano:

Ukumbi ulichakaa, paa likawa la panya,
Bundi ndani wakakaa, popo nao wakikunya.

Akanikumbusha kwamba mgeni rasmi atakuwepo. Nikamkumbusha kwamba popo nao walikuwepo. Akavuta pumzi ndefu. Akanipa kazi ya kuvuta kamba ya pazia.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Kutoka kwenye kamba hadi katikati ya jukwaa ni hatua nane. Nimezihesabu.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumbani hakuna pa kukanyaga. Pazia limejaa sebule yote, limepanda juu ya makochi, mwisho wake uko jikoni. Rangi ya damu ya mzee. Mama ndiye anayelishona.

Hili si jambo dogo. Mama alishona miaka minane katika duka la Bwana Vipimo, fundi mkubwa wa barabara kuu, na kila nguo aliyoshona ilitoka na jina la Bwana Vipimo. Mwaka jana akaondoka. Sasa anashonea barazani kwetu, sare za watoto na mashuka. Kibao chake kimekwisha kuchorwa, FUNDI WA MAPAZIA NA NGUO ZA KILA AINA, lakini kiko chini ya kitanda, uso umeelekea ukutani. Ameweka nadhiri. Pazia likipanda na kushuka Jumamosi bila kasoro, na kibao kitapanda. Likiharibika, kibao kitakuwa cha kukatia vitunguu.

Shida: kitambaa ni kizito mno. Cherehani ya Mama imevunja sindano tatu na kukataa. Mama akamwendea mwenye kinu cha nafaka, akaazima ile mashine ndogo ya mkononi ya kufungia magunia ya unga. Imekula kitambaa kama mchezo! Vipande viwili vimeungana katikati, toka juu hadi chini, kwa mshono mmoja mrefu. Mama akafunga fundo kila ncha. Akanionya nisiguse ncha hizo hata kwa kidole. Tamasha likipita ataurudia mshono wote kwa mkono. Nikasema ndiyo, Mama. (Nilikuwa natafuta kina cha ubeti wa kumi na tisa.)

Mchana nimeanza Mpango wa Kwanza. Mtoto wa mama mkubwa, tunayemwita Chiriku, amepewa nyimbo tatu. Tatu! Nikamweleza, kwa moyo mweupe, kwamba waimbaji wa kweli hawafungui kinywa siku nne kabla ya tamasha. Bila mazoezi atasahau maneno, na nafasi itabaki wazi.

Amekubali. Nimeona aibu kidogo. Naandika kwa sababu niliapa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama mkubwa amekuja kunishukuru. Anasema nyumba yake imetulia kwa mara ya kwanza tangu Chiriku azaliwe. Ameniletea sabuni ya kunukia. Mbaya zaidi, Chiriku alijaribu ubeti mmoja leo asubuhi, na sauti imetoka mpya, nzito, tamu kama haijawahi kutumika. Ananiita mlezi wake.

Mpango wa Pili: kinyozi. Yeye ndiye mchekeshaji wa tamasha. Nimekwenda kibandani kwake nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba vichekesho vyake mji mzima unavijua. Akaacha mkasi hewani. Akanitolea kimoja. Nikacheka kabla sijajizuia. Akasema basi niketi nimpimie vyote. Nimekaa saa mbili nzima, pamoja na mteja aliyenyolewa nusu. Nimerudi mbavu zinauma na orodha ya tamasha iko vilevile.

Nimesikia kwamba Bwana Vipimo anapita dukani kwa watu akisema mwanamke wa sare za watoto hawezi kushona pazia la ukumbi. Mama nimemwambia. Alipiga pasi pindo lilelile mara tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mazoezi. Pazia limetundikwa. Halifunguki kwa pembeni kama la dirishani. Ni moja zima, linapanda juu kwa kamba. Nilipolivuta, hata wapaka rangi waliacha kazi kutazama. Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Bwana Vipimo naye alifika, futi ya kitambaa shingoni kama kawaida. Akazunguka, akalipima upana bila kuombwa, akalivuta pindo la chini. Halikuachia. Akamwambia Mama ataketi mstari wa mbele. Mama akamjibu karibu sana, kaka, ndiko kunakoonekana vizuri.

Sasa sikiliza, ee daftari. Chiriku akimaliza, pazia linashuka ili bendi ya tarumbeta ijipange nyuma. Nimepima: dakika sita. Watu mia tatu wameketi, hakuna kitu cha kutazama ila kitambaa! Ni ukatili. Mtu mwenye huruma angetokeza mbele yao na kuwasomea jambo. Akishaanza, nani atamtoa? Mgeni rasmi akiwepo, kamati haiwezi kumvuta mtoto wa watu kwa mkono.

Kikwazo kimoja: pazia halina mahali pa kupita. Ukipita pembeni unatokea karibu na choo, na shairi haliwezi kuanzia hapo.

Ila katikati kuna mshono.

Nimefikiri kwa makini, kama nilivyofundishwa. Mama alikataza ncha. Katikati hakukataza. Nikifungua kiasi cha mtu kupita, usawa wa bega hadi gotini, kisha nikashikiza kwa pini nne za kichwa cheusi, hakuna macho yatakayoona. Baada ya shairi nitapashona mwenyewe. Nimesubiri watu waende kula. Nimetumia mkasi mdogo wa Mama wa kukatia nyuzi. Klik, klik. Kazi safi.

Kimebaki kiuzi kinachoning'inia. Nitakishughulikia kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hata haya, maana niliapa.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mama alikaa mstari wa tatu, gauni la buluu. Bwana Vipimo mstari wa mbele, mikono kifuani, futi shingoni. Pazia likapanda na kushuka mara saba, na kila lilipopanda, kidevu cha Mama kilipanda nalo. Nilivuta kamba kwa heshima. Nilikuwa na furaha sana. Kinyozi aliwavunja watu mbavu. Chiriku alipoimba nililia, nalazimika kulisema.

Pazia likashuka. Nyuma yake bendi ikaanza kuburuta viti. Nikaifunga kamba kwenye msumari. Hatua nane. Pini nne. Nikapita.

Nikainama. Nikatembea hatua tatu mbele, kama Shangazi alivyonifundisha: usilisomee pazia, wasomee watu.

Nikasikia trrrrrr.

Nilidhani ni makofi. Lakini macho ya watu hayakuwa kwangu, yalikuwa juu ya kichwa changu, na yalizidi kupanda. Nikageuka. Mshono wote, kuanzia tundu langu hadi juu kabisa, ulikuwa umefunguka kama gunia la unga unapovuta uzi wake. Na uzi huo ulikuwa umenasa kwenye kifungo cha kiatu changu cha kushoto.

Nyuma yangu kila kitu kilikuwa wazi. Mpiga ngoma amekwama kwenye mkanda wa ngoma. Chiriku ana biskuti mdomoni. Mwenyekiti alikuwa akivaa suruali yake nyeupe ya hotuba. Mguu mmoja ndani, mmoja bado. Alipoona watu mia tatu akaharakisha, tukasikia na hiyo ikipasuka.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bwana Vipimo akasimama, akawageukia watu, akasubiri watulie. Akasema, "Si niliwaambia? Mshono wa gunia."

Kicheko kikafa. Nikamtafuta Mama. Nilitamani sakafu inimeze, lakini ilikuwa mpya na imara.

Mama alikuwa amesimama. Akaja kupitia njia ya katikati, polepole, akapanda ngazi. Akapiga goti mbele yangu, nikafikiri amekuja kunichapa hadharani. Alikuwa akifungua uzi kwenye kiatu changu. Akauzungusha kiganjani, wote, mrefu. Akachomoa sindano kubwa kwenye pindo la gauni, maana Mama hatoki nyumbani bila sindano. Akamwambia kinyozi ashike kamba, ashushe pazia kidogo kidogo. Akavuta kigoda cha mpiga ngoma, akaketi. Akatunga uzi mara moja tu, bila kulamba.

Ndipo akaniangalia.

"Una beti ngapi?"

Nikamwambia ishirini na nne.

"Soma zote."

Nikasoma. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mbuzi, ya pili ikakaa. Hakuna aliyenitazama. Wote walitazama mikono ya Mama. Kwenye ubeti wa tano, wa popo, mgeni rasmi alicheka hadi akavua miwani. Kufikia wa nane nikagundua jambo: sindano ilikuwa inaingia kwenye kina cha kati na kutoka kwenye kina cha mwisho. Nilipoongeza mwendo, Mama akaongeza. Akina mama wa mstari wa pili wakaanza kuyumba na mkono wake. Kinyozi anashusha kamba, kitambaa kinalundikana miguuni, mshono unapanda. Mpiga ngoma, bado amekwama, akaanza kugonga taratibu.

Mama akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Ukumbi mzima ukasimama. Kulikuwa kumebaki ubeti mmoja. Niliusoma ndani ya makofi, hakuna aliyeusikia.

Kinyozi akavuta kamba. Pazia likapanda. Likashuka. Bwana Vipimo alipanda jukwaani mwenyewe, akaushika mshono kwa mikono miwili, akauvuta. Akauvuta tena, kwa nguvu zaidi. Kisha akaivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi kuketi.

Jumapili, 10 Agosti

Chai ya asubuhi. Mama akaniuliza swali moja: uzi ulikatika au ulikatwa? Nikaangalia kikombe. Nikasema ulikatwa. Nikaeleza yote, ncha na katikati, pini nne na ukatili wa dakika sita. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoka barazani. Niliona mgongo wake ukitikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, basi bado sijui.

Adhabu: wiki nzima baada ya chai nitakwenda naye ukumbini kurudia mshono ule wa haraka kwa mkono, futi kwa futi. Na mkasi mdogo sasa unalala chini ya mto wake.

Kibao nacho sikuthubutu kukiuliza. Kasoro ilikuwepo, na nadhiri ni nadhiri. Nilikwenda jikoni nikaanza kumenya vitunguu, ili nivizoee.

Saa nne Mwenyekiti akaja na suruali nyeupe ndani ya mfuko wa karatasi. Akaomba ishonwe kwa mshono uleule wa jana. Hajaondoka, akaja mwalimu mkuu kuulizia mapazia ya maktaba. Kisha mwanamke tusiyemjua, na kitambaa cha sebuleni. Walipoondoka Mama aliingia chumbani akatoka na kibao. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu ile kasoro.

"Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani alikata," akasema. "Wote wameuliza nani alishona."

Nimeshika ngazi, yeye akapigilia misumari. Kimekaa upande kidogo, kwa sababu alama za misumari niliweka mimi. Mama anasema kiache hivyohivyo.

Sasa, mafunzo. Shangazi husema kila jambo lina funzo, na hili nimelitafakari mchana kutwa. Kosa langu liko wazi: shairi lilikuwa fupi. Mama alimaliza kushona ubeti mmoja kabla yangu! Ningekuwa na beti thelathini, makofi yangekwisha na ubeti wa mwisho ungesikika. Nimekwisha kuanza jipya, "Sifa za Elimu," na limefika ubeti wa thelathini na tatu.

Shangazi, nakumbuka uliniambia shule yako hufanya siku ya wazazi mwezi wa kumi, katika bwalo lenye jukwaa. Najua orodha imejaa, sitakusumbua kuhusu orodha. Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu kwa basi hilohilo linaporudi: pazia la huko limeshonwa kwa mshono gani?