Tumbo Langu Likivuka Mpaka

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimechaguliwa! Kwa kura, lakini nimechaguliwa. Asubuhi amefika binti mmoja kutoka Tororo, anaitwa Ariokot, amebeba tableti na mizani ya kuning'iniza. Watu wa utafiti wanataka kujua familia zinaishije, na njia yao ni kuandika kila kinacholiwa kwa siku saba. Wamechukua nyumba kumi na mbili hapa kijijini. Yetu imo. Ya jirani yangu Okware nayo imo, jambo ambalo limenipunguzia furaha kidogo.

Ariokot amesema mara tatu kwamba utafiti hautoi kitu. Si mbuzi, si mabati, si sabuni. Nimetabasamu tu. Mtu aliyekuja kutoa kitu ni lazima kwanza akane, la sivyo kijiji kizima kitajifanya maskini. Kule Kirewa, kwa wakwe zangu, walikuja watu wakauliza maswali, na mwaka uliofuata ng'ombe wakashushwa kwenye lori. Haya nimeyapata kwa mtu aliyeliona lori lenyewe.

Ng'ombe! Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Tulikuwa na ng'ombe, Baraka, mali ya mke wangu Aboth. Miaka miwili iliyopita nilimuuza nikanunua sungura sitini. Sungura huzaana haraka. Pia huchimba. Wiki haikuisha wakawa wamepita chini ya banda, wote sitini, na sijui waliko. Aboth hakusema neno. Hadi leo hajasema. Ila kila Jumamosi anafagia zizi tupu, kama anayengojea mgeni. Heri angenirushia chungu.

Basi nimeamua. Kwa siku saba nitakuwa maskini kuliko wote hapa Dabani, na zizi litapata mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeanza kazi mapema. Gunia la karanga, wimbi na mukene, wale dagaa wakavu, nimevihamishia zizini, nikavifunika majani ya migomba. Nimemwagiza Aboth apike mboga za majani peke yake. Bila mafuta. Ameniuliza kama naumwa. Nikamweleza mpango wote. Akatazama upande wa zizi, muda mrefu, kisha akasema hatamdanganya mtoto wa watu. Lakini kama chunguni kuna majani, atasema majani.

Tumekula majani. Saa nne tumbo likaanza kulalamika kwa sauti. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Utafiti ni wa Uganda! Chakula kinacholiwa Kenya ni chakula cha Kenya. Nikakamata mfuko wangu wa soksi, maana mimi huuza soksi mpakani, nikapita njia ya panya hadi kwa Mildred, mwenye hoteli upande wa pili. Chapati mbili, maharage, samaki wa kukaanga. Nikarudi nyumbani nikiwa maskini kabisa kwa hesabu za Uganda.

Mtu akiishi mpakani bila kuutumia mpaka, ana kasoro.

Jumatano, 10 Septemba

Ariokot amekuja. Aboth akasema majani. Ariokot akaandika majani. Akanitazama mdomo, akauliza mbona unang'aa. Nikasema ni jua.

Habari tamu zaidi zinatoka kwa Okware. Yeye kaenda njia ya kinyume, mwenye majivuno hana dawa. Kamwambia Ariokot kwamba kwake ni nyama asubuhi, mchana na jioni. Ariokot, kwa upole, akauliza kilo ngapi na kama anaweza kupima kilichobaki. Okware akasema hakijabaki. Akaombwa mifupa. Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Sauti ilifika huku kwetu, nikaiacha kazi ili nisikilize vizuri.

Baadaye Okware kanisemesha uani, akiwa na hasira ya kukosa mifupa. Amesikia sisi tunakula majani. Amesema hakushangaa. Nimemwacha aseme. Atakapoona ng'ombe wangu ndipo tutaongea.

Mchana kwa Mildred: chapati tatu, samaki, supu. Maskini anahitaji nguvu.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa! Balaa lenye uma na sahani!

Nilikuwa nimeketi kwa Mildred, samaki mbele yangu, kichwa chake kikinitazama. Nikainua macho. Meza ya pili: Ariokot. Anakula samaki vilevile! Kumbe wakati wa kazi amepanga chumba karibu na mpaka, na mtu wa mpakani hula kunakopikwa vizuri. Kanisalimia kwa heshima zote, kanawa mikono, kisha akatoa tableti.

Nikamwambia kwa utulivu kwamba hapa ni Kenya. Akajibu, "Mzee, fomu inauliza tumbo. Haiulizi mpaka." Kumbe kuna ukurasa mzima wa chakula kinacholiwa nje ya nyumba! Ukurasa mzima, na hakuna aliyenionya.

Nikajaribu kusahau nilichokula. Mildred akanikumbusha. Mwanamke yule anajivunia mapishi yake kama mama anavyojivunia mtoto. "Aki huyu mzee wa Uganda anakula poa!" akasema, akataja yote, Jumanne hadi leo, pamoja na supu. Hata mchuzi niliopanguza kwa kipande cha mwisho cha chapati. Ariokot aliuliza ni kijiko kimoja au viwili.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo sikuvuka. Nimeamua kufunga kweli, ili wastani ushuke. Aboth ameniambia ananionea huruma, lakini hakusema kwa sababu gani.

Ila kuna jambo nilisahau kuhusu kijiji hiki: watu hutazama moshi. Siku tatu moshi wetu umekuwa mwembamba, na Okware kamaliza kazi iliyobaki. Saa tatu wakaingia kina mama wa kwaya na kapu la viazi vitamu. Hawajakaa vizuri, mwingine akaleta muhogo. Kisha maboga. Kisha mayai yaliyofungwa kwenye leso, na mwenye leso akasema niirudishe nikipata nafuu. Mimi si mgonjwa! Lakini nitasemaje?

Mwisho kabisa akaja Okware na jogoo. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka yangu. Yeye amezunguka kanisani, dukani na kisimani, jogoo mkononi, akimweleza kila aliyemuuliza. Akanikabidhi mbele ya wote. "Jirani, kula tu. Njaa hapana dhambi." Nilitamani ardhi inimeze, nikitoka upande wa pili niwe Kisumu.

Ariokot akafika wakati huohuo. Kumbe zawadi nazo zina ukurasa wake. Jogoo alitundikwa kwenye mizani, kilo mbili na kitu. Ariokot akasema katika nyumba zake kumi na mbili hakuna iliyopokea chakula kingi hivi. Niliona aibu sana. Nimekula paja. Lilikuwa paja zuri mno, na hilo liliniongezea aibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Aboth kafagia zizi kama kawaida. Karanga zikaonekana. Akazitwanga za kutosha mchuzi wa jogoo, bila kuniuliza.

Mchana, vumbi barabarani. Shemeji yangu Olweny, kaka yake Aboth, kafika kutoka Kirewa. Habari zimemfikia huko, na njiani zimenenepa. Hakuketi. "Dada yangu nakula majani kama mbuzi?" Akamwambia Aboth afunge nguo zake waende nyumbani.

Utani ukaishia hapo. Nilimtazama Aboth. Alikuwa ameshika ufagio tu. Miaka thelathini na moja tumekaa pamoja.

Kisha maneno yakanitoka. Nikasema nilitaka ng'ombe. Nikasema nilimuuza Baraka, nikapata sungura, nikakosa sungura, na kila Jumamosi nikisikia ufagio ule naumia. Nikasema nilidhani nikiwa maskini vya kutosha mtu ataleta ng'ombe, nami nitamwekea Aboth zizini kabla hajaanza kufagia. Nikasema samahani. Nimechelewa miaka miwili, lakini nimesema.



Aboth akasema, "Baba Ajambo, leo umetaja jina lake." Akaegemeza ufagio ukutani, akaingia jikoni, akapakua. Olweny akapewa sahani. Akala, akaongezewa, akala. Akawa anatazama viazi, maboga, mayai, karanga, huku mchuzi ukiteremka kidevuni mwake. Alipomaliza akaniuliza kama hii ndiyo njaa yenyewe. Akaondoka. Aboth hakwenda naye.

Jumapili, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi. Baada ya ibada tulikuwa uani, na Ariokot amekuja kufunga siku ya saba. Mara tukasikia mlio wa ng'ombe. Olweny! Na nyuma yake ng'ombe mwekundu, na nyuma ya ng'ombe ndama!

Ni ng'ombe wa kumtunzia Olweny, kama ndugu wanavyopeana: maziwa ni ya Aboth, na ndama atakayefuata ni wake moja kwa moja. Kamba kaiweka mkononi mwa dada yake. Mimi nilinyoosha wangu, akaupita. Akasema nikimuuza huyu, yeye ataniuza mimi, japo hajui nani atanunua. Okware alisikia na kucheka. Sijali. Aboth alicheka pia, kicheko ambacho sijakisikia tangu sungura. Nililia kidogo. Nikasema ni moshi.

Akakamua papo hapo. Tukanywa. Nikamwona Ariokot anaandika: maziwa. Nikamsihi asiandike, yamefika siku ya mwisho, si ya kawaida yetu! Akasema yaliyonywewa yamenywewa. Kisha akanieleza, taratibu kama mwalimu, kwamba majina yetu hayatoki popote, kwamba nyumba nyingi zikijumlishwa ndipo inaonekana watu wanaishije, na kwamba mwenye njaa kweli anapotea kwenye hesabu akichanganywa na watu wa namna yangu. Hilo limenichoma. Nimemwambia afute majani na aandike ukweli. Akasema ukweli ameuandika tangu Alhamisi.

Nikauliza mara ya mwisho kuhusu ng'ombe wa utafiti. Akaelekeza kidole zizini. "Mzee, si huyo hapo?" Akapanda bodaboda akaenda.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimelifikiria jambo hili siku nne, huku nakunywa chai ya maziwa. Tuangalie matokeo. Siku saba za umaskini: ng'ombe mmoja, ndama mmoja, jogoo, maboga manne, na mke anayeimba akifagia. Wanaosema mpango wangu ulishindwa watafute kazi.

Leo binamu yangu Elphas ameleta habari kutoka Busia ya Kenya. Mwezi ujao watu wa utafiti wanaanza kupima chakula huko! Elphas ana chumba kitupu nyuma ya nyumba yake. Nitahamia siku saba, mkeka mmoja, sufuria moja, uso wa huzuni. Okware nimemwambia naenda kuuza soksi.

Nimemweleza Aboth. Ametazama kamba ya ng'ombe, akaifunga fundo la pili. Lakini amekubali kunijazia chupa ya maziwa kila asubuhi. Nitakuwa naivukia mpakani na kuinywa upande wa Uganda. Kule Kenya haitahesabika.