Ng'ombe Kumi na Wanne wa Ushahidi

Jumatatu, 8 Julai

Nimeitwa shuleni! Mwalimu Hilaria wa darasa la nne, aliyehamishiwa kwetu Bariadi kutoka Moshi, anasema binti yangu Kija hatulii. Anainuka inuka. Akitumwa chaki anapotelea njiani. Zoezi hamalizi hata moja. Huenda ana ADHD, tatizo la umakini na utulivu. Herufi nne! Kabla sijamaliza kuzishangaa nikapewa fomu ya maswali kumi na nane, mzazi ajaze. Ijumaa anakuja daktari kutoka Mwanza hospitalini kwetu, akiondoka harudi mpaka Novemba. Mtihani wa la nne ni Oktoba. Kija asipopata msaada atafeli, arudie darasa na watoto wanaomfikia kiunoni.

Nimemwambia mwalimu ukoo wa Luhende hauna magonjwa ya Kizungu. Mimi mwenyewe ni fundi simu, kazi ya utulivu. Akasema anajua, simu yake ninayo tangu Machi.

Jumanne, 9 Julai

Kija kaniuliza kama yeye ni mjinga. Jamani, moyo uliniuma. Nikamwambia mjinga hawezi kuchunga ng'ombe. Papo hapo, wazo! Likizo ya Juni alichunga ng'ombe kumi na wanne wa baba mkubwa Machibya, hapo nje ya mji, na hakupoteza hata ndama. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa tabia. Asiye na umakini ataweza hayo? Ushahidi ninao, tena una miguu.

Felisita, mke wangu, anasema jaza fomu. Hana mipango mirefu yule.

Jumatano, 10 Julai

Saa nne kamili, mapumziko. Mimi, Kija na ng'ombe kumi na wanne uwanjani! Nikamtuma Kija akamwite mwalimu, mimi nikabaki na fimbo. Dakika mbili tu! Akapita mzee na redio ya zamani, ya mbao, haitoi sauti. Nikaomba niifungue kidogo kwa nyuma.

Kuinua kichwa: tisa wamo kwenye bustani ya mchicha ya shule. Wengine ofisini kwa mwalimu mkuu. Mmoja anatafuna ratiba ya mtihani.

Kija akaja mbio, akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Dakika tano wote wamejipanga. Nikamwambia mwalimu, umeona! Akasema ameona. Eti mtoto wa namna hii huzama kabisa katika anachokipenda, na kisichomvutia ndicho kinachomshinda, kwa hiyo bado aonwe na daktari. Kisha akauliza nani alikuwa analinda ng'ombe. Uchochezi mtupu.

Mwalimu mkuu anataka mchicha wake. Nitaupanda upya kesho, matuta sita.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepanda tuta moja. Nikakumbuka fomu, nikakimbia nyumbani. Nimejaza vizuri hadi swali la sita: mtoto hupoteza vitu vyake? Hapo nikaenda kutafuta kalamu. Ilikuwa sikioni. Kurudi, fomu haipo! Nimemlaumu Kija, nikamlaumu upepo, nikamlaumu kuku.

Felisita kaikuta ndani ya redio ya yule mzee, ambayo bado ninayo. Akaijaza mwenyewe hadi mwisho, akaiweka chini ya mto wake.

Ijumaa, 12 Julai

Hospitali. Nimechelewa kidogo, sababu ndefu; Felisita na mwalimu walinitangulia. Daktari alikaa na Kija asubuhi nzima. Ni ADHD kweli. Kasema si ujinga, wala si malezi mabaya. Atakaa dawati la mbele, atapewa zoezi fupi fupi, na atagawa madaftari ili apate kuinuka. Kija akacheka. Meno yale nilikuwa sijayaona tangu mwaka jana. Nikafuta macho, nikasingizia vumbi.

Daktari akauliza kama nyumbani yupo mwingine wa hivi. Felisita, Kija na Mwalimu Hilaria wakatazama upande wangu. Nikageuka nione nani kaingia. Hakuna mtu! Nikajibu kwetu hakuna, labda kwa kina Felisita.

Nikapewa fomu nyingine, ya watu wazima. Ya Felisita hiyo, ingawa wamekosea wakaandika jina langu. Nimeianza. Swali la tatu: huanza jambo jipya kabla ya kumaliza la kwanza? Swali zuri, nitamjibia kesho.

Maana nimepata wazo kuhusu ule mchicha! Unataka samadi. Wale ng'ombe kumi na wanne wakishinda bustanini siku moja tu, shule nzima itakula mboga. Kija ana masomo, asisumbuliwe. Nitawalinda mwenyewe.