Mikoko Chini ya Kitanda

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Tayari! Chini ya kitanda changu hapa Keko kuna beseni la matope, ndani yake miche tisa ya mkoko niliyoiokota ufukweni. Dokta Felicitas, mkuu wa maabara yetu, anahesabu kromosomu za mikoko, vile vijiuzi vilivyomo ndani ya chembe hai. Ncha za mizizi tunaleta sie wasaidizi. Ijumaa ndiyo mwisho. Asiyeleta hana kazi. Mwenzangu Wilbert huingia matopeni kule Mtoni akipiga mluzi. Mie mara ya mwisho nilizama hadi kiunoni, nikalia. Sirudi! Chumvi ya beseni ninayo, kilo sita, ingawa mgao ni kilo mbili kwa mtu. Nilipanga foleni mara tatu, ya tatu nimevaa kofia.

Jumatano, 13 Aprili
Nimekwisha. Mzee Mwishehe, balozi wetu wa nyumba kumi, ameiona chumvi. Kauliza kapera anapika nini. Nikamwambia ni ya kuhesabia kromosomu. Kauliza hayo ni magendo ya aina gani. Kesho anarudi na wakaguzi! Na redio kila siku inataja wahujumu uchumi waliokamatwa. Chumvi yote nimeimwaga ndani ya beseni, nikakoroga.

Alhamisi, 14 Aprili
Wamekuja watatu. Chumvi hawakuiona. Mmoja alichovya kidole kwenye beseni, akaonja, akatema, akanitazama kwa huruma. Wakamwambia Balozi asiwasumbue tena kwa ajili ya mgonjwa wa akili. Nimepona! Miche haikupona. Imenyauka yote, mizizi myeusi. Na kesho Ijumaa! Kwenye kapu nimekuta kitunguu kilichoota mizizi. Mizuri, myeupe.

Ijumaa, 15 Aprili
Dokta aliinamia hadubini muda mrefu. Akasema kromosomu za mkoko ni ndogo mpaka macho yanauma, lakini hizi nene, kumi na sita, hazina taabu. Nikasema huenda ni ugunduzi. Akauliza kama mkoko wangu huwa naukaanga na nyanya. Wilbert alicheka hadi akakaa chini. Dokta kanipa wiki moja nilete mizizi ya mkoko wa kweli, la sivyo sina kazi. Mungu wangu, matope!

Jumamosi, 16 Aprili
Nimefikiri. Kosa lilikuwa chumvi. Miche mipya nitaiotesha kwa maji ya bahari yenyewe. Seremala Albano amenipa pipa. Ubavuni limeandikwa PETROLI kwa rangi nyekundu, na petroli yenyewe siku hizi haionekani. Si kitu. Kesho nitalijaza baharini, nilirudishe nyumbani nikilivingirisha mbele ya nyumba ya Balozi mchana kweupe, asije akadhani nina cha kuficha.