Pete Zetu na Kabati la Simu

Kijijini, njia ya Matai
9 Juni 1978

Ndugu Isakwisa,
Fundi Mkuu wa Simu, Sumbawanga

YAH: OMBI LA KUZIMA KABATI LA SIMU MPAKA MAMA ARUDI NYUMBANI

Shikamoo. Mimi ni Bertilla, mwanafunzi wa kidato cha pili. Hata jina langu hulitaja kwa kunong'ona, ndiyo maana naandika.

Fundi wako, Ndugu Asajile, alikuja kufunga visanduku viwili vya umeme ndani ya kabati la simu la kijiji. Mwenyekiti wetu, Ndugu Zenon, akasema kabati ni mali ya wote, basi maelekezo yasomwe mbele ya wote. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nikapandishwa juu ya stuli nitafsiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu chenu kinasema, kabla ya kuingiza kisanduku, vua pete, saa na mikufu. Mwenyekiti akapaza sauti, "Mmesikia? Vueni!" Mkutano mzima ukavua. Bibi Dominika alipakwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Vyote, hata rozari, vilikusanywa kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo.

2. Fundi alisukuma visanduku mpaka vikalia ka! ka!, akakaza skrubu, akawasha swichi. Taa ya kijani ikawaka, vigelegele vikapigwa. Ndipo Mwenyekiti akagawa pete kwa foleni, moja kwa kila mtu, bila kuangalia ni ya nani. Waliolalamika waliambiwa waache ubinafsi.

3. Baba amepewa pete ya Klementina, mjane wa jirani. Imemkaa sawasawa. Mama alimwambia, "Irudishe, Oswaldi." Baba akajibu, "Hata kabati lina visanduku viwili, mama Bertilla. Kimoja kikichoka, kingine kinapokea." Mama akafunga khanga zake, akaenda Katandala, huko mjini Sumbawanga, kwa mama mdogo. Tangu siku hiyo tunakula ugali anaosonga baba. Ndugu, ugali ule ungeweza kusimamisha nguzo za simu.

4. Kwa kuwa umeme uliwaka baada ya pete kutoka vidoleni, ni wazi kwamba ukizimwa pete zitarudi zilikotoka. Kwa hiyo zimeni kabati, chomoeni visanduku, mvifunge upya sisi tukiwa tumevaa. Hilo likishindikana, chukueni kile kisanduku cha pili tu, baba akose mfano.

Wasalimie mafundi wote na wake zao, na Ndugu Asajile, ambaye hana kosa, kwani yeye hakuwa na pete.

Ni mimi, niliyesimama juu ya stuli,
Bertilla Oswaldi

N.B. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Ulisema anayevua ni yule tu anayeingiza mkono kabatini. Niliuona. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuvua, nami nikaona aibu kupaza sauti mara ya pili. Kazini kwa mama mdogo kuna simu, na kesho saa nne mama ataitwa pale tuzungumze. Tafadhali msizime chochote mpaka nimweleze, safari hii kwa sauti.