Malalamiko Kuhusu Wizi wa Namba Nilizozitunga kwa Jasho Langu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Utafiti.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi si mzima, nimeibiwa.

Mwenzangu wa maabara ya fizikia, tunayemwita Bwana Taratibu, amechapisha makala kuhusu jinsi waya unavyopitisha umeme ukipozwa sana. Kwa makala hiyo amepewa cheo cha mhadhiri mwandamizi, tulichokuwa tukikigombea sisi wawili. Namba zake zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ni zile zilizomo kwenye daftari langu. Naomba cheo hicho nipewe mimi kwa sababu zifuatazo:

1. Namba hizo nilizitunga mwenyewe. Hazikutoka kwenye mashine wala kwa mtu. Nilizitunga kwenye meza ya chakula kwa miezi sita, huku mama watoto akiniuliza kama nina akili timamu.

2. Namba za kupima hata mvivu atazipata, maana mashine inamfanyia kazi yote. Za kutunga zinatoka kichwani. Sasa kati yetu nani mtafiti?

3. Katika mstari wa mchoro wake kuna kinundu, kama kilichomo kwenye mchoro wangu. Kinundu hicho kilitokea siku binti yangu mdogo aliponigonga kiwiko nikichora, na kifutio sikuwa nacho. Bwana Taratibu amekiandikia kurasa nne, eti ni siri mpya ya maumbile. Ndugu Mwenyekiti, ni mkono wa mwanangu ule! Iliniuma mpaka nikashindwa kula.

4. Mkinyamaza, kesho nani atajisumbua kutunga? Vijana watakata tamaa, wataanza kupima ovyo ovyo, na heshima ya fizikia itakwenda na maji.

Naambatanisha daftari kama ushahidi. Wasalimie wajumbe wote, na karani wenu mwenye mafua mwambie pole.

Wako katika kutetea ukweli,
Mtafiti wa Meza ya Dirishani

Tanbihi: Fundi wa maabara amepita sasa hivi, nikamsomea barua. Anasema Bwana Taratibu hajawahi kuligusa daftari langu. Aliwasha mashine, akapima, namba zikatoka hivyo hivyo, na kinundu chake. Kusema kweli, uwezekano huo haukunijia kabisa. Nimeuliza ilimchukua muda gani. Asubuhi moja, Ndugu Mwenyekiti, na mashine yenyewe ndiyo ile ninayotundikia koti. Cheo abaki nacho. Barua hii, tafadhali sana, usiifungue.