Wajerumani wa Bujonde

Jumatatu, 2 Mei 1994

Mvua tangu alfajiri. Kakao imelala chini ya turubai, inanuka kama pombe. Hata hivyo nina furaha. Sababu naiandika humu kwa kuwa Tusekile, mke wangu, anasema mwandiko wangu unamuumiza macho.

Nimepata redio kaseti. Jonasi, anayevusha bidhaa mpakani, ameileta kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, akiwa ameivika mfuko wa mbolea. Anasema ilikuwa ya daktari mmoja Mzungu aliyemaliza mkataba na hakutaka kurudi kwao na mizigo. Nilimshukuru, ndaga, ndaga fijo, nikampa gunia la mpunga. Tusekile nimemwambia mpunga umeliwa na panya. Ameuliza kama panya wamekula na gunia lenyewe. Mwanamke huyu ana maswali ya kipolisi.

Ndani ya redio kulikuwa na kanda. Haina jina wala karatasi. Jonasi akatia betri mpya nne, zenye ganda la rangi ya dhahabu, za jina nisilolijua. Tangu soko huria lije, kila wiki kuna betri za jina jipya. Tukabonyeza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sauti nzito, zinatambaa, kama watu wanaoimba huku wamezama kwenye tope la jaruba mpaka kidevuni. Halafu kimya. Halafu zinarudi polepole, kama zimesahau kitu. Jonasi hakushtuka. Akasema daktari aliuita kwa Kiingereza jina ambalo kwetu maana yake ni mbadala. Muziki mbadala. Huko Ulaya wenye akili wameshaacha ule mwingine.

Nikaona njia. Jumapili wazee wa kanisa wanakaa kuamua nani ataongoza kwaya kwenda Tukuyu siku ya Pentekoste. Mwalimu wa kwaya ni Hezroni. Huyu alinitoa kwenye besi mwaka jana. Sababu aliyoitoa: naingia kabla ya wenzangu. Sababu ya kweli: wenzangu wanachelewa, na yeye anajua kwamba najua.

Jumanne, 3 Mei 1994

Nimepeleka redio kwenye kibanda cha Ipyana, anakotengeneza baiskeli. Ni rafiki yangu, kwa hiyo namwangalia kwa makini. Alisikiliza akiwa na spoku mdomoni. Kisha akauliza kama si betri hizo zimekwisha.

Nilimwambia ni mpya, nimeziona zikitolewa kwenye karatasi. Akasema zitolewe tu kidogo, azing'ate, aone. Ipyana ana tochi isiyo na betri tangu Krismasi. Nikaihamishia redio upande wangu.

Jonasi akaeleza habari ya mbadala. Ipyana akasema neno hilo analifahamu, bwana shamba hulitumia: zao mbadala. Sasa huu ni mbadala wa nini? Jonasi akasema wa muziki. Ipyana akasema basi wenyewe si muziki. Jonasi akamwuliza kama kakao si zao. Ilipoletwa nani aliijua? Tuliambiwa panda, tukapanda. Mpaka leo nani hapa Bujonde amekula hicho wanachokitengeneza huko? Hakuna. Na bado tunalima. Basi na muziki huu tuulime vivyo hivyo, walaji wapo mbele.

Nilipenda sana hoja hiyo. Nimeamua kuitumia kama yangu.

Jonasi akaendelea. Karonga aliambiwa kuna kundi linalopiga gitaa mpaka linalia, kisha linalivunja jukwaani na watu wanashangilia. Ipyana akauliza gitaa ni la nani. Jonasi akasema la kwao wenyewe. Ipyana akasema hao hawahitaji muziki, wanahitaji wajomba. Jonasi akasema kuna wengine wanapiga vyuma na mashine peke yake, bila wimbo. Ipyana akasema kumbe mashine ya kusaga ya Mwaya imekuwa ikitumbuiza tangu tukiwa wadogo, na sisi tumekaa tu pale na madebe ya mahindi bila kupiga makofi.

Tulicheka. Baadaye nikajiuliza kwa nini Ipyana alicheka kwa muda mrefu kuliko sisi.

Jumatano, 4 Mei 1994

Mvua. Tumepata lugha.

Kuna neno linarudi tena na tena. Linaanza puani, linafunguka, linaburuta mkia: nnn, daaaaag, aaaah. Jonasi alidhani ni Kilatini. Mimi nilidhani ni Kirusi, ingawa Kirusi sikijui, na nadhani hiyo ndiyo dalili yake. Ipyana akainamisha sikio kwenye spika, akanyoosha kidole chenye grisi. Babu yake aliwabebea Wajerumani mizigo, na alimfundisha kwamba wakikutana mchana husalimiana: tag. Tukarudisha kanda nyuma kwa kalamu, maana kurudisha kwa redio kunakula betri. Tukasikiliza tena. Kweli kabisa. Daaaag.

Ni Wajerumani. Wanasalimiana tu, wimbo mzima. Jonasi akasema ndivyo walivyo watu waliostaarabika. Ipyana akasema babu yake alikumbuka salamu chache na viboko vingi, huenda vipo upande wa pili wa kanda.

Nimegundua jambo jingine. Leo wimbo umekuwa mrefu kuliko jana, na mzito zaidi. Huu ni muziki unaokua. Nyimbo za Hezroni ukizisikia mara mbili zimekwisha.

Alhamisi, 5 Mei 1994

Leo nimemtambua mmoja wao. Kuna mwanamume anayeingia kabla ya wengine. Kundi zima bado linavuta pumzi, yeye ameshaondoka, peke yake, haogopi. Kisha anakohoa kidogo na kuendelea, kama mtu aliyejua angekohoa. Ndipo wengine wanamfuata. Nimeirudia sehemu hiyo mpaka wino wa kalamu umevuja.

Kiongozi wa namna hiyo Hezroni angemfukuza. Kule Ujerumani wanamrekodi.

Nilimwita Tusekile amsikie. Alisimama mlangoni na ungo mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo asilolifanya hata na mahubiri. Akasema, "Baba Lugano, huyo anakohoa kama wewe." Nikamwambia wanaume wote duniani hukohoa. Akasema haya. Akarudi jikoni, nikamsikia akicheka na sufuria.

Amejua habari ya mpunga? Nimehesabu magunia yaliyobaki. Sijui kwa nini, niliyahesabu jana pia.

Ijumaa, 6 Mei 1994

Hezroni amepita hapa. Nilikuwa ndani na redio. Nikachungulia kwenye tundu la dirisha: amesimama njiani, mvua inamnyeshea, kichwa kinatikisika taratibu kwa kufuata wimbo. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza, kama anayeyajua maneno. Mwizi kabisa. Anaiba muziki wa watu kupitia ukuta wa tofali.

Nikafunika redio kwa blanketi. Akabisha hodi. Akanisalimu: ugonile, Asegelile. Akaulizia hali ya kakao, akaulizia mtoto wetu Lugano, akasema tunakukosa kwenye besi. Kisha akauliza hiyo kanda nimeipata wapi. Nikamwambia kanda gani. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakisalimiana chini ya blanketi. Akatabasamu, akasema haya, tutaonana Jumapili.

Mtu akikutabasamia wakati unamdanganya, ana mpango.

Jumamosi, 7 Mei 1994

Nimewafundisha Ipyana na Jonasi mtindo huu ili kesho tuwaoneshe wazee mfano. Jonasi hana sauti ila anajiamini. Ipyana aliimba vizuri mno, mpaka ndama wa jirani akamjibu. Akasema ameishiwa pumzi kabla hajamaliza kusalimia, sasa Wajerumani wanapumulia wapi? Jonasi akasema hawapumui, ndiyo maana ni mbadala.

Ipyana ameuliza tena habari ya betri. Mara ya pili hiyo. Nimezitoa, nimelala nazo mfukoni.

Jonasi hatakuwepo kesho. Ana mzigo wa kuvusha ng'ambo. Amenitakia heri, akaapa kwa jina la yule daktari, ingawa alikuwa amelisahau.

Jumapili, 8 Mei 1994

Naandika kwa ufupi.

Baada ya ibada wazee walikaa mbele, Mzee Yakobo katikati, na waumini wengi wakabaki kusikiliza kwa kuwa mvua iliwazuia kutoka. Ipyana alikuwa upande wangu na ameoga. Hezroni aliripoti mambo ya kwaya. Kisha nikaomba kusema.

Nilisema vizuri. Nilianza na kakao, zao mbadala, jinsi tulivyolipokea bila kulielewa. Wazee wakatikisa vichwa. Nikasema umefika wakati wa kwaya mbadala. Nikasema ninayo hapa sauti ya kwaya isiyo na mfano, na kwamba sijawahi kusikia kwaya iliyoongozwa vizuri kuliko hii. Nikasema mwalimu wa kwaya hii, angekuwa hapa, ndiye angestahili kutuongoza Tukuyu, na nisingethubutu kusimama mbele yake. Lakini kwa kuwa yuko Ujerumani, basi apewe kazi yule anayemwelewa. Nikamtaja pia yule mwanamume anayetangulia. Nikasema hapa kwetu mtu kama huyo hufukuzwa. Sikumtazama Hezroni. Niliona tu viatu vyake.

Nikabonyeza. Wajerumani wakasema nnn. Wakaendelea kusema nnn. Wakashuka, wakashuka, kama ndoo inayoingia kisimani, wakanyamaza.

Mzee Yakobo, ambaye hasikii vizuri, akasema ni wimbo mzuri lakini mfupi.

Hapo Hezroni akainuka, akatoa betri nne kwenye tochi yake ndefu, akaniletea kwa mikono miwili. Nilizigeuza, nikazinusa. Nilijua kuna jambo, ila sikuweza kukataa mbele ya wazee. Nikazitia, nikarudisha kanda mwanzo, nikabonyeza.

Wajerumani wakaruka. Ndaga! Ndaga! Wepesi, wakali, kwa Kinyakyusa kitupu, wanamshukuru Mungu kwa mavuno. Mama mmoja nyuma akaanza kuitikia kwa kuwa alikuwemo. Nusu ya watu mle ndani walikuwemo. Ilikuwa kwaya yetu, mwaka jana, ndani ya kanisa hilohilo. Hata ngurumo ya mvua kwenye bati ilikuwemo.

Kisha ikafika sehemu yangu. Nasema yangu. Kwaya yote inavuta pumzi, na mtu mmoja anapasua ndaga yake peke yake, anakohoa, anaendelea.

Mzee Yakobo akauliza kwa sauti kubwa yule ni nani.

Ipyana, rafiki yangu, akamjibu kwa adabu ya mtoto kwa baba, "Mjerumani wetu, tata."

Siandiki kilichofuata. Waliocheka ni wote, na mmoja aliegemea madhabahu.

Kicheko kilipotulia Hezroni akaeleza kwa upole kwamba redio ile anaifahamu. Ilikuwa ya shemeji yake wa Katumba Songwe, aliyekuja kurekodi wimbo akaondoka nao. Aliiuza mwezi uliopita kwa Jonasi kwa sababu inatafuna kanda. Karonga haijawahi kufika.

Mzee Yakobo akanigeukia. Akauliza kama bado nasimama kwenye maneno yangu, kwamba mwalimu wa kwaya hii hana mfano na ndiye anayestahili Tukuyu. Nilikuwa nimeshayasema mbele ya watu wote. Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo betri mbovu isingeweza kuishusha zaidi. Wazee wakaandika kwamba Hezroni amependekezwa na Asegelile. Hakuna aliyepinga.

Mlangoni Hezroni akaniambia nirudi kwenye besi, nisimame karibu naye, atanikanyaga mguu muda wa kuingia ukifika. Anataka kunichunga.

Jumatatu, 9 Mei 1994

Jua limetoka. Kakao imeanikwa. Nimetulia nikafikiri, na mambo yamenyooka.

Wiki nzima nilimsifu yule mwimbaji bila kumjua. Sikuwa na undugu naye wala chuki. Nilimsikia tu, nikasema huyu ni kiongozi. Hakuna mtu Bujonde aliyewahi kupimwa kwa haki namna hiyo. Kosa lilikuwa moja: kuwapigia wazee kwa kasi waliyoizoea. Kwa kasi yangu hawakupata hata dakika moja.

Tusekile amekiri kwamba alinitambua tangu Alhamisi. Nikamwuliza kwa nini hakusema wazi. Akasema alisema, sikutaka kusikia, na tena hakuwa ameniona na furaha hivyo tangu Lugano abatizwe, akaona aiache. Mke anataka mume wake afurahi bila kumwomba chochote. Nimempeleleza mchana kutwa. Mpaka sasa amepika tu.

Jioni Jonasi alirudi. Nilimkabili vikali. Akanisikiliza, akasikitika sana, akasema basi na yeye alidanganywa, na kwamba shemeji wa Hezroni ni mtu wa kuogopwa. Niliona machozi. Mtu anayeonewa na ukoo ule hawezi kuwa adui yangu.

Kisha akafunua alichobeba chini ya turubai. Kinanda. Cha umeme, kina vitufe vyote ila vichache, cha mmisionari mmoja wa Kiswidi aliyehama haraka. Jonasi anasema Waswidi wamewapita Wajerumani mbali, kwao muziki mbadala unapigwa bila hata kutoa sauti, na hiki kinapiga namna hiyo. Tulikijaribu. Kweli, hakikutoa sauti.

Nimetoa gunia jingine. Panya wamezidi mwaka huu.

Ipyana ameniomba nikifungue kwanza nione kama kina kitu ndani. Sijui anatafuta nini humo.